Mugongo ya Mukwe Wangu Ilinifundisha Kuloba Manda

Batoto bangu, mbele ya yote, mutoshe, ni kusema mutoe, mu kichwa ile mawazo ya kusema manda ni samaki. Tilapia ni samaki. Kambale ni samaki, tena samaki mujinga, inakula hata sabuni. Manda ni mwizi. Meno yake iko inje, hata kama imefunga kinywa unayaona. Mwili yake inang'aa, iko na mistari ya mweusi, na mukia yake ni ya manjano; kwa zile kubwa inaelekea rangi ya chungwa. Siku utaona ile mukia inatoka mu maji nyuma ya mutumbwi yako, uko peke yako, na kamba iko ku kidole ya muguu, pale njo utajua kama Mungu alikuwekea moyo mu kifua ao sombe, majani ya muhogo.

Munakuja hapa ku ziwa ya Nzilo na mavumbi ya mashimo ya madini ingali mu nywele, munanunua mutumbwi, munaniita: "Mama Ilunga, utufundishe." Ni vizuri. Shimo imekula batu bengi. Lakini munaingia babili babili mu mutumbwi moja, na radio, na telefone, munaongea sawa bamama ba ku soko siku ya Jumamosi. Kuloba, ile kuvua na kamba na ndoano, haiko kazi ya kelele. Tena mutumbwi ya manda ni kidogo. Wa pili akigeuka kutema mate, wa kwanza anaoga. Manda inataka mutu mumoja. Mi nilikuwa peke yangu mu maji miaka yote ya kazi yangu, mpaka mabega ilikataa. Lakini peke yangu namna gani, ile njo nataka kuwaelezea leo, juu naona munafikiri "peke yangu" ni kitu rahisi.

Nianzie ku ujinga yangu.

Sisi batu ba Kolwezi tumezaliwa mu shaba. Mulango ikivunjika, tunaifunga na waya ya shaba. Sufuria ikitoboka, shaba. Mutoto akikosa kitu ya kuchezea, anapinda waya ya shaba, anafanya motokari. Sasa wakati niliambiwa kama manda inakata nailoni na meno, ya kama karibu na ndoano lazima kuweka kipande ya waya, mi nilifanya nini? Nilichukua waya ya shaba, mupya, ya kung'aa. Nikajisikia fundi. Manda ya kwanza ikakamata, ikaruka, ikatikisa kichwa sawa mutu anakataa deni, na waya ikakatika. Nikafunga ingine. Ikakatika. Siku ile nilirudi ku kambi yetu ya kuloba bila samaki na bila ndoano hata moja, na mikono inanuka shaba.

Mukwe wangu, baba ya bwana yangu, alikuwa mbele yangu mu mutumbwi yake, amenipa mugongo. Alisikia yote. Hakugeuka. Akaambia kafi yake, ile mbao ya kupiga maji, kwa sauti ya nguvu:

"Kafi, umeona? Shaba ni laini. Ukiipinda-pinda inachoka. Mwenye akili anaenda kwa fundi wa mavelo, zile baiskeli, anaomba waya ya freni yenye imezeeka, ile ya chuma, anaitosha uzi moja moja. Shaba ni ya kudanganya samaki, uipige mpaka inakuwa sawa kijiko, ing'ae mu maji. Chuma njo ya kuishika."

Na mi nikaambia kafi yangu: "Kafi, uambie mwenye alisema ya kama tumesikia."

Munacheka! Mungojee kwanza, nieleze juu ya bukwe, maana ninyi ba leo munakaa na baba-mukwe ku kanape moja munaangalia mupira. Kwetu, sisi bale balitoka upande wa Bukama, baba ya bwana yako hauwezi kukaa naye karibu. Hauwezi kula naye. Hauwezi kutaja jina yake. Mi mwenyewe hata leo, amelala mu udongo tangu zamani, sitaitaja, musiniulize. Hauwezi kumuangalia mu uso, na yeye hawezi kukuangalia. Mukikutana mu njia ndogo, weye unaingia mu majani. Musikosee: haiko chuki. Ni heshima, heshima mingi mpaka inapita kichwa. Kama mutu anataka kuifungua, kuko njia: mukubwa anatoa kitu ya mukono yake mwenyewe, kuku ao jembe, mudogo anapokea na mikono mibili, basi, haya imetoka. Lakini lazima mukubwa mwenyewe atake. Na tata, njo namna tunaita baba-mukwe, hakutaka. Alisema bukwe ni lupango, ni ukuta ya kuzunguka nyumba, ukivunja lupango mbuzi ya batu inaingia.

Sasa niambieni, mutu wa namna ile atakufundisha kazi ya mutumbwi namna gani? Na mugongo. Mugongo ile ninaijua kuliko uso ya mama yangu. Ilikuwa na alama ya ugonjwa ya utoto ku bega ya kushoto, na shati yenye ilipasuka palepale, kila mwaka shati ingine, palepale tu.

Sikuingia mu maji juu ya kupenda. Bwana yangu Banza aliacha kuloba akaenda mu mashimo, sawa ninyi, ila yeye alienda upande ile munatoka. Alisema samaki inakupa chakula lakini shimo inakupa nyumba. Siku moja udongo ikashuka. Benzake balimutosha angali anapumua, aksanti Mungu, lakini kiuno yake ilibaki kule chini. Akarudi kulala ku mukeka, na kinywa tu ndiyo ilibaki na kazi. Eh, Banza! Hata maumivu alikuwa anaifanyia mizaha. Alikuwa anasema: "Mi niko mukubwa wa nyumba, sitoki mu ofisi."

Mutumbwi yake ilikuwa imelala ku muchanga, kinywa chini. Batoto balikuwa bengi, samaki ya muzee mumoja haikufika. Njo tata alimutuma Ilunga, mutoto wangu wa kwanza: "Ambia mama yako, mutumbwi ya baba yako inaoza. Kesho asubui mi nitapita mbele. Kama mutu anafuata nyuma, mi siko na macho ku kisogo."

Nikafuata.

Bwanaume ba kambi balinunguna sana. Kapita, mwenye kuangalia kambi, alisema muke mu mutumbwi anafukuza samaki. Tata alimujibu mbele ya bote: "Manda inaangalia ndoano, haiangalii sketi." Ile siku nilimupenda, batoto, ninasema wazi. Nilipenda kumwambia aksanti. Sikuweza. Niliambia kuku yenye ilikuwa inapita.

Musikie basi bitu byenye mugongo ile ilinipa, maana hii njo mulikuja kutafuta.

Kamba usifunge ku mwili. Hata kidogo! Uizungushe ku kidole kubwa ya muguu mara moja, upige kafi polepole, kijiko ya shaba ifuate nyuma inacheza. Manda ikikamata, kidole inakuambia mbele ya macho. Unanyanyua muguu, kamba inakuja mu mukono. Mutu wa kambi yetu aliifunga ku mukono na fundo nzuri ya kanisani. Manda kubwa ikamuingiza mu maji na kofia na kiko yake. Aliishi, lakini mpaka leo bajukuu bake banaitwa bajukuu ba Fundo.

Manda ikiruka, ushushe mukono ku maji, usiinyanyue. Mutu mupya ananyanyua juu ya furaha, na samaki inatema ndoano inaenda kuelezea ingine. Ikifika kando ya mutumbwi, kwanza rungu mu kichwa, kisha mukono. Angalieni hii kidole yangu. Mi nilianza na mukono.

Tena jiwe. Uko peke yako, unakaa nyuma, basi pua ya mutumbwi inanyanyuka na upepo inakugeuza sawa jani. Uweke jiwe zito mbele. Ile yangu Banza aliileta ku shimo, nyeusi, nzito kupita ukubwa yake. Kila mufanyabiashara wa madini akipita ku kambi, alikuwa anaiangalia kwa huruma sana, sawa ni mutoto wake mi nimemunyanyasa.

Na tata alisema yote ile akiangalia mbele. Kwa kafi. Kwa ndege. Siku ingine kwa mawingu. "Ndege, ile kamba nyuma yangu iko inavutwa mbio kupita kiasi. Manda haifukuzwi." Mi nilikuwa napunguza. "Ndege, sasa ni vizuri." Ile "ni vizuri" yake ilikuwa inanishibisha mpaka jioni. Tulikuwa babili mu ziwa yote, na kila mumoja peke yake.

Kisha nikaanza kuona bitu.

Kwanza, waya. Zamani tata alikuwa anaingiza waya mu tundu ya ndoano akiwa anaongea na kapita, bila kuangalia. Sasa alikuwa anatafuta ile tundu na ulimi. Kisha miti. Munajua mu hii ziwa kuko miti yenye ilikufa wakati bwawa ilifungwa. Vichwa vyake iko chini kidogo ya maji, na manda inapenda kukaa pale. Tata aliijua miti ile sawa majirani. Nikaona anaipita karibu, karibu zaidi, siku moja mutumbwi yake ikakwaruza. Na siku ingine akasema, "Ndege, mvua iko mbali leo." Hakukuwa ndege hata moja. Juu ya muti moja ya ku ukingo kulikuwa mufuko ya plastiki.

Usiku nikaambia Banza: "Baba yako haoni."

Banza hakufanya mizaha. Akasema: "Kapita akijua, anamutosha ku maji. Baba akitoka ku maji, atakaa ku kiti, na ku kiti atakufa."

"Na kapita asipojua?"

"Basi maji njo itamutosha."

Ile njo ilikuwa mizigo yangu, batoto. Nikisema, ninamuua polepole. Nikinyamaza, ninamuua siku moja. Na kumuambia yeye mwenyewe, "Tata, acha", sikuwa na kinywa ya kumwambia. Muke wa mutoto wake, kumutajia macho yake? Afazali ningetembea uchi ku soko.

Nikafanya kitu moja tu yenye nilikuwa nayo. Asubui ile ingine nikasogeza mutumbwi yangu karibu na yake, nikaambia kafi yangu kwa sauti: "Kafi, mbele kuko muti. Mutu mwenye akili angepita ku kuume."

Mugongo ikasimama. Kafi yake ikabaki juu, inadondosha maji. Nikawaza: basi, nimemuvunja. Kisha akapita ku kuume, na kisha, polepole, bila kugeuka, akauliza: "Kafi, na kisha muti ya pili?"

"Kafi, ya pili iko mbali. Piga tu."

Tukaendelea namna ile kiangazi yote. Yeye mbele, mi nyuma. Yeye anafundisha, mi naona. Nilikuwa nachoka kuliko punda, juu nilikuwa naangalia njia mbili, na kidole yangu, na mbingu. Samaki ilipunguka upande wangu, na Banza alijua sababu. Kapita alikuwa anatushangaa: "Mama Ilunga, sasa unaongea peke yako mingi sana." Nikamwambia ni uzee. Mi! Na meno yangu yote mu kinywa!

Kisha mvua za kwanza zikafika.

Bale ba hapa munajua upepo ile ya mbele ya mvua. Inatoka upande wa mashimo, inabeba mavumbi, mbingu inakuwa nyekundu muchana kati. Tulikuwa tumeenda mbali juu ya manda ilikuwa inakula vizuri. Nikapiga kelele: "Kafi, turudi! Sasa!" Upepo ilichukua sauti yangu ikaipeleka kwingine. Nikaona mugongo yake inageuka upande ule haipaswe kwenda, ku miti. Nikalia, "Kushoto! Tata, kushoto!" Sikuita kafi. Niliita yeye. Hakusikia.

Mutumbwi yake ikapanda juu ya muti, ikalala, ikapasuka. Nilisikia ile mulio mu mifupa.

Wakati nilifika, alikuwa ameshika muti na mikono mibili, maji mpaka ku kifua, kofia ingali ku kichwa. Kusema kweli nilifurahi sana kumuona anapumua, nilitaka kucheka. Nikamwambia, "Tata, niko hapa, shika mutumbwi!"

Munajua alifanya nini? Aligeuza uso. Akaambia muti:

"Muti, uambie huyu mama arudi ku kambi, aite bwanaume."

Nikafikiri sikusikia vizuri. Mawimbi inaingia mu mutumbwi yangu, mavumbi mu macho, na muzee anaongea na muti.

"Tata, bwanaume bako mbali! Bakifika, utakuwa umekufa!"

"Muti, uambie mama kama mutumbwi yake ni kidogo. Mukwe na muke wa mutoto, magoti itagusana. Haiwezekane."

Hapo njo hasira ilinipanda, batoto. Hasira ya miaka yote. Nikapiga kafi ku maji paa!

"Mi siko naongea na muti! Naongea na weye! Weye baba ya Banza! Nikirudi bila weye, nitamwambia nini pale ku mukeka? Ya kama nilikuacha juu ya magoti?"

Kisha akasema, na hii mara hakuambia muti:

"Bukwe ni bukwe."

"Na bukwe inajua kuogelea?"

Nilimuona mabega inatikisika. Nikafikiri ni baridi. Kumbe anacheka! Mu maji, na kifo mu shingo, muzee anacheka. Lakini hakuachia muti. Akasema: "Mama Ilunga, mi siwezi kuingia bila kutosha haya. Siwezi. Na mi niko na nini ya kutoa? Mutumbwi imevunjika. Samaki imerudi kwabo. Nitakupa suruali?"

"Kofia, tata! Unipe kofia!"

Akawaza. Mungu wangu, alichukua wakati ya kuwaza, sawa yuko ku kivuli na mahari mbele yake! Kisha akatosha mukono moja ku muti, akatosha kofia, akaitupa upande wa sauti yangu. Ikaanguka mu maji. Upepo ikaanza kuipeleka. Nikapiga kafi nyuma yake, karibu nianguke, nikaikamata na ncha ya kafi, nikairudisha. Nikaishika na mikono mibili, namna bankambo, bale bazee ba zamani, banataka, na nikapiga magoti mu maji ya mutumbwi.

"Nimepokea, tata."

"Umepokea kweli?"

"Nimepokea! Ingia!"

Musikie ile namna, itawasaidia: mutu wa mu maji haingie ku upande, atapindua mutumbwi. Aje mbele, ashike pua, weye ulale nyuma na uzito yako yote. Na jiwe ile ya Banza? Niliitupa mu ziwa bila kuwaza, juu tata alipashwa kukaa nafasi yake. Banza alinisumbua miaka mingi: "Batu banachimba cobalt, bibi yangu anaipanda mu maji." Nilimujibu, nilibadilisha jiwe na baba yako, uniambie nani mwenye uzito.

Tulirudi. Yeye mbele, amenipa mugongo sawa kila siku, lakini hii mara karibu sana, mpaka niliona alama ya utoto ile inatetemeka. Magoti yangu iligusa mugongo yake. Hakuna kitu ilianguka kutoka mbinguni.

Ku kambi bote balisimama kando ya maji. Bamama balijifunga kinywa na mikono. Mukwe na muke wa mutoto mu mutumbwi moja! Kapita alitaka kusema, tata akamukatisha. Alishuka, maji inadondoka, akanyoosha kidole ku kichwa yake, upara tupu, yenye hakuna mutu aliwahi kuiona.

"Nimelipa," akasema. "Kofia iko kwake. Mwenye neno aseme."

Kicheko ilipasuka, na bamama bakapiga vigelegele. Lakini kapita hakuwa mujinga. Alimuangalia tata akienda, namna anatafuta muchanga na muguu mbele ya kukanyaga. Kesho yake akakuja ku nyumba na heshima, akakaa, akasema mitumbwi ingine ya kumupa muzee hakuna. Kapita alikuwa na mitumbwi tatu ku muchanga, ila hakutaka kumutajia macho. Tata alisikiliza. "Ni vizuri," akasema. Ile "ni vizuri" haikunishibisha.

Siku ya kwanza yenye niliingia mu maji bila mugongo ile mbele yangu, niliambia kafi: "Kafi, mbele kuko muti." Nikangojea. Kisha nikalia mpaka nikapoteza kijiko ya shaba.

Banza alikuwa anaogopa kiti. Na kweli, siku zile tata alikaa ku kiti nyuma ya jiko, pahali alikuwa anakula peke yake tangu niliolewa. Hakuongea na ndege. Hakuomba kitu. Sahani ilikuwa inarudi na bukari, ile ugali yetu, ingali nusu. Mi nilikuwa naenda ku maji na nawaza, leo nitarudi nitamukuta amekwisha.

Njo Banza, ku mukeka yake, akalalamika siku moja muchana, kwa nguvu, ili kila mutu asikie: "Baba! Kofia ulitoa ya bure? Ulilipa, na ungali unakula nyuma sawa mugeni? Mi ningekuwa weye, ningerudishiwa kofia yangu."

Nilisikia kiti inanyanyuka. Ilunga akamushika mukono, akamuleta ndani, akamukalisha ku meza, mbele yangu. Kulikuwa bukari na manda, ile nilikuwa nimeloba asubui. Na tata akafanya kitu yenye hakuwahi kufanya: aligeuza uso wake kwangu, wazi, akaniangalia. Ni mara ya kwanza niliona macho yake. Ilikuwa nyeupe sawa maziwa.

Akabaki ananitafuta. Kichwa upande huu, kichwa upande ule.

"Mama Ilunga, uko mbele yangu?"

"Niko, tata."

"Miaka yote sikukuangalia." Sauti yake ilikuwa ya mutu anashangaa. "Nilifanya heshima mpaka macho ikaisha."

Banza alijifunika uso. Nilikuwa nalia, na nilikuwa najua kama hawezi kuona, basi sikujificha.

Akatafuta sahani na vidole, akagusa mufupa, akagusa mukia, akapata kile kipande ya karibu na kichwa, chenye mafuta, chenye kwetu ni ya mukubwa wa nyumba. Akakitosha. Akanyoosha mukono kunipa mu sahani yangu. Kikaanguka pembeni, juu ya meza.

Nilikiokota, nikakula.